Karatasi ya mti mmoja wa Lindi: rekodi za mimea zinasema nini, na hazisemi nini



Katika mazungumzo kuhusu majina ya mimea kwenye kamusi za Kiswahili, swali moja limekuwa likirudi: tukisoma kwamba mti fulani "unapatikana Lindi tu", au kwamba mti fulani "umetoweka duniani", nani kasema, na kajuaje? Hakuna mtu aliyezunguka misitu yote ya pwani yetu akihesabu mti mmoja mmoja. Swali ni zuri, na jibu lake linawahusu watu wa lugha na historia kuliko wanavyodhani. Nitalijibu kwa mfano wa mti mmoja wa kwetu, Erythrina schliebenii, ambao uliandikwa katika orodha ya miti iliyokwisha duniani huku wenyewe ungali umesimama porini kusini mwa Tanzania, ukichanua kila msimu wake ukifika.

Tuanze na ukoo wake. Mti huu ni wa jamii ya mikunde. Mtu wa mjini akisikia mikunde anafikiria chakula, na ana haki. Hapa Ilford ukishuka Ilford Lane, duka lolote la nafaka litakuonyesha mbaazi, choroko, dengu, kunde, fiwi na karanga, magunia kwa magunia. Hao wote ni ndugu. Lakini jamii yenyewe ni kubwa mno, ina spishi karibu elfu ishirini, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kuingia sufuriani. Upupu unaowasha ni mkunde. Ututi wenye punje nyekundu na jicho jeusi ni mkunde. Mkwaju ni mkunde, na mpingo pia. Kinachowaunganisha wengi wao ni tunda: ganda linalofunguka, na mbegu zimepangwa ndani kwa mstari.

Erythrina ni jenasi mojawapo ndani ya jamii hiyo, yenye spishi zaidi ya mia moja katika nchi za joto. Wengi wetu tunaijua kupitia mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, mti wa bara wenye gome nene na maua mekundu kama makaa. Jina lenyewe linaeleza kazi: mti wake ni mwepisi, unachongeka, watu wanauwambia ngoma. Pwani kuna ndugu yake, Erythrina sacleuxii. Hapo watu wa lugha mtashtuka kidogo, maana jina hilo ni la Padre Charles Sacleux, yule yule wa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka 1939. Kabla hajajulikana kwa kamusi, Sacleux alikuwa mkusanyaji wa mimea Zanzibar na Bagamoyo, akiipeleka Makumbusho ya Paris. Wataalamu wa kule ndio waliompa heshima ya jina hilo. Nitarudi kwake baadaye.

Huyu wetu wa tatu, Erythrina schliebenii, ana shina lenye miiba na maua mekundu ya kuvutia. Kwao ni misitu ya pwani ya kusini-mashariki mwa Tanzania, na hakuna nchi nyingine duniani alikopatikana.

Sasa hebu tuone habari hizi zinatunzwa wapi. Mahali pa kutunzia mimea iliyokaushwa wataalamu wanapaita hebaria. Usifikirie bustani. Fikiria maktaba, ila badala ya vitabu kuna karatasi ngumu zilizopangwa kabatini, na juu ya kila karatasi kuna tawi lililobanwa likakauka, lenye majani yake na maua au matunda. Pembeni ya karatasi kuna kipande kidogo kilichobandikwa, yaani lebo. Lebo hiyo ndiyo moyo wa kitu chenyewe. Inataja nani alikusanya, namba yake, tarehe, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, mazingira ya pale na, mkusanyaji akiwa mtu makini, jina ambalo wenyeji waliuita mmea ule.

Kila hebaria ina herufi zake za utambulisho duniani. Kew, hapa London, ni K, nayo ina karatasi zaidi ya milioni saba. Makumbusho ya Historia ya Viumbe, South Kensington, ni BM. Paris ni P, Berlin ni B. Kwetu tunayo EA, yaani Hebaria ya Afrika Mashariki pale Nairobi, ambayo ilirithi makusanyo ya ile taasisi ya Wajerumani iliyoanzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902. Tunayo pia DSM ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na NHT ya Arusha. Kwa hiyo ukiona katika kitabu jina la mtu, namba, halafu herufi K au EA kwenye mabano, unaambiwa karatasi iko wapi ukitaka kuthibitisha kwa macho yako. Ni kama sisi tunavyotaja hati na jalada la nyaraka.

Jambo muhimu zaidi ni hili. Karatasi ya hebaria ni ushahidi wa mambo matatu kwa pamoja: mmea, mahali na siku. Inasema kwamba mtu fulani, siku fulani, alikuwa mahali fulani na akaukuta mmea huu. Basi. Haisemi kama mmea ungalipo leo. Haisemi kama hauko kilomita ishirini kutoka hapo. Mfano ninao jirani. Katika mashimo ya udongo wa matofali ya hapa Ilford, mwaka 1864, lilifukuliwa fuvu la tembo wa kale mwenye pembe zilizopinda, na liko katika lile lile jumba la South Kensington, likiwa na jina la Ilford. Hakuna anayesoma jina lile akaja Cranbrook Road kutafuta tembo. Kwa mfupa wa kale tunaelewa mara moja kwamba mahali pasipo wakati wake ni nusu ya habari. Kwa mimea tunasahau.

Tuje kwenye kisa chenyewe. Hans-Joachim Schlieben alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi ya kukusanya mimea Tanganyika kati ya 1930 na 1935. Alipita Uluguru, Mahenge na Kilimanjaro, kisha akateremka Lindi. Huko aliweka kambi karibu na Ziwa Lutamba, magharibi ya mji wa Lindi, na akapanda pia uwanda wa juu wa Rondo. Alikuwa mtu wa kazi. Namba zake zilivuka elfu sita, na kila namba ni mmea uliokatwa, ukabanwa, ukakaushwa na kuandikiwa. Tusisahau kwamba kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kulikuwa na wapagazi, wapandaji miti na watu wa vijiji waliojua maua yako wapi na yanatoka lini. Lebo ina nafasi ya jina moja tu.

Matawi yalikwenda Berlin. Huko Hermann Harms, bingwa wa mikunde, aliona kwamba Erythrina moja kutoka Lutamba haikufanana na yoyote aliyoijua. Akaitangaza kuwa spishi mpya katika miaka hiyo hiyo ya 1930 na kuipa jina la mkusanyaji. Mtaalamu akitangaza spishi mpya hutaja karatasi ambayo jina limefungwa juu yake. Hiyo naiita sampuli-mama. Ukibishana juu ya jina, unarudi kwenye sampuli-mama, kama hakimu anavyorudi kwenye hati.

Harms alifariki mwaka 1942. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya ndege yaliiangukia hebaria ya Berlin na sehemu kubwa ikateketea. Kwa Afrika Mashariki lile lilikuwa pigo la kipekee. Mimea ya iliyokuwa koloni la Wajerumani ilikuwa imekusanywa na kuelezwa zaidi pale kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo sampuli-mama nyingi za mimea yetu ziliungua katika mji ambao watu wetu wengi hawakuwahi kuuona.

Kilichookoa sehemu ya elimu ile ni desturi moja ya kawaida kabisa. Mkusanyaji mzuri hakati tawi moja. Anakata kadhaa kutoka mti ule ule, anayapa namba moja, na nakala zinagawiwa au kuuzwa kwa hebaria mbalimbali. Mimea ya Schlieben ilitawanywa hivyo. Ndiyo maana jina lake utalikuta London, Paris na kwingineko, na ndiyo maana Berlin ilipoungua, Lutamba haikufutika yote. Tuliosoma historia ya hati za Kiswahili tunalijua somo hili: kilichonakiliwa mara tatu kinaishi, kilichohifadhiwa sandukuni mwa mtu mmoja kinategemea paa la nyumba yake.

Baada ya vita, ilianza kazi kubwa ya kuandika kitabu cha mimea yote ya pori ya Kenya, Uganda na Tanzania, kinachojulikana kama Flora of Tropical East Africa. Sehemu za kwanza zilitoka 1952 na ya mwisho 2012, miaka sitini kamili, na zilijumuisha spishi 12,104. Sehemu ya mikunde inayohusu jenasi yetu ilitoka 1971. Hapo ndipo mtakuta zile herufi ambazo zinawasumbua watu: K 7, U 4, T 3 na kadhalika. Waandishi waligawa nchi vipande ili wataje mahali kwa mkato. Kenya ina vipande saba, Uganda vinne, Tanzania bara vinane. Unguja ni Z na Pemba ni P. T 8 ni kusini: Lindi, Mtwara na maeneo jirani. Ukisoma "T 8" mbele ya jina la mmea, maana yake ni kwamba ipo karatasi, angalau moja, iliyotoka huko.

Kwa Erythrina schliebenii kulikuwa na T 8 peke yake, tena kwa makusanyo machache ya miaka ya 1930. Miongo ikapita. Hakuna karatasi mpya iliyoingia kabatini. Misitu ya kuzunguka Lutamba ikapungua, mashamba yakaongezeka. Mwaka 1998 ilipotolewa orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini, mti huu uliwekwa katika daraja la mwisho kabisa: umetoweka.

Mwaka 2001 ukaonekana. Ulikuwa katika kipande kidogo cha msitu usio na hifadhi yoyote, huko huko kusini-mashariki. Furaha haikudumu. Mwaka 2008 eneo hilo lilifyekwa kupisha shamba la mimea ya mafuta, yale mafuta ya magari ambayo Ulaya ilikuwa ikiyatafuta kwa pupa miaka ile. Ikaogopwa kwamba sasa mti umekwisha kweli. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Cosmas Mligo na Frank Mbago, waliingia porini wilaya ya Kilwa, sehemu zisizofikika kirahisi, na wakaupata tena, pamoja na mti mwingine adimu wa pwani, Karomia gigas. Idadi ya Erythrina hizo zilizokomaa ilikadiriwa kuwa chini ya hamsini. Daraja lake likabadilishwa: kutoka umetoweka hadi uko katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Mtu anaweza kusikia kisa hiki akasema, haya, mwisho mwema, tumshukuru Mungu. Lakini tuulize kwa nini ulitangazwa umekufa. Hakuna aliyedanganya. Waliotayarisha orodha walitazama karatasi, wakaona miaka sitini bila karatasi mpya, wakahitimisha. Kosa liko katika namna ukimya ule ulivyosomwa. Rekodi ya hebaria inaonyesha mahali mimea ilipo, kweli, lakini inaonyesha vile vile mahali watu wa mimea walipopita. Ukichukua ramani ya Tanzania ukaweka nukta kwa kila karatasi, nukta zitajaa Usambara, kwa sababu Amani iko pale. Zitajaa Uluguru na Kilimanjaro. Zitafuata barabara na reli. Kusini zitakuwa chache, kwa sababu ambayo kila mtu wa Lindi na Mtwara anaijua bila kuhitaji shahada: njia. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa Agosti 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, na mvua zikija watu wanakaa siku kadhaa ng'ambo wakisubiri maji na matope yapungue. Mtafiti mwenye wiki mbili na gari la kuazima angekwenda wapi? Angekwenda Usambara, ndiyo.

Kwa hiyo weupe wa ramani ya kusini ulikuwa picha ya barabara. Watu wakausoma kama picha ya msitu.

Na weupe huo una gharama mbili. Ya kwanza ni hii ya kutangaza kifo kabla ya wakati. Si jambo dogo, maana kiumbe kikishaandikwa kwamba hakipo, hakuna anayetoa fedha za kukitafuta wala sheria ya kukilinda. Ya pili ni mbaya zaidi: ramani isiyo na nukta inasomwa kama ardhi isiyo na kitu. Kusini imeonja hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma tume ndogo kuangalia kama Tanganyika inafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Kazi ilifanywa kwa wiki chache, sehemu kubwa kutoka angani kwa ndege. Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa. Matrekta yakaletwa, reli na bandari ya Mtwara vikajengwa, mapori yakafyekwa, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeanguka, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Karanga nayo ni mkunde, angalieni kejeli hiyo. Mikunde ya pori iliyokuwa pale, iliyozoea udongo ule na mvua zile kwa maelfu ya miaka, ilifyekwa kumpisha mkunde mgeni ambaye ardhi ilimkataa. Miaka sitini baadaye ikaja hadithi ya mafuta ya magari, na maneno yalikuwa yale yale: ardhi kubwa, watu wachache, hakuna kinachofanyika huko.

Jibu la weupe ni kwenda kuangalia. Mwaka 2007 watafiti Prins na Clarke walichapisha kazi waliyofanya kwa picha za setilaiti, wakitafuta misitu ya pwani katika mkoa wa Lindi. Ilionekana kwamba misitu iliyobaki ni mingi kuliko ilivyoorodheshwa, na msitu wa Namatimbili wilayani Kilwa ni mfano wake mkubwa. Hebu fikirieni: mwishoni mwa karne ya ishirini, katika nchi iliyopimwa na Wajerumani, ikapimwa na Waingereza, ikapimwa na sisi wenyewe, kulikuwa na msitu mzima ambao elimu ya mimea haikuwa na habari nao. Wenyeji walikuwa na habari nao. Walikuwa wakipita humo.

Huyo Clarke ndiye aliyependekeza mwaka 1998 kwamba ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini mwa Msumbiji uhesabiwe kuwa kanda yake yenyewe ya mimea, kwa sababu una spishi nyingi zisizopatikana kwingine. Kabla yake, katika ramani ya mimea ya Afrika ya Frank White ya 1983, ukanda huo ulikuwa ndani ya eneo lililoitwa Zanzibar-Inhambane. Clarke akauita Swahilian. Ndiyo, kwa jina letu. Wakati sisi tunagombana vyuoni Mswahili ni nani na mipaka yake iko wapi, watu wa mimea walikwisha kuchora mipaka ya Uswahili wao kwa majani na magome, na ndani yake Lindi wakaihesabu kuwa kitovu maalumu.

Sasa nije kwa wasomi wa lugha moja kwa moja, kwa sababu hapa ndipo mnapohitajika. Siku hizi karatasi zinapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Kew ilianza mwaka 2022 mradi wa kupiga picha makusanyo yake yote, na tangu 2001 upo mtandao wa kimataifa unaoitwa GBIF unaounganisha rekodi za hebaria mbalimbali, kila rekodi ikageuzwa kuwa nukta kwenye ramani. Jambo jema sana. Lakini nukta hiyo inatoka wapi? Schlieben hakuwa na kifaa cha setilaiti. Aliandika maneno: wilaya, ziwa, kilomita kadhaa magharibi ya Lindi. Mtu aliyeko ofisini, pengine hajafika Afrika, anachukua maneno yale na kukisia mahali pa kuweka nukta. Na hapo Kiswahili, pamoja na lugha za jirani zake, kinaanza kuwatega.

Chukueni Lutamba yenyewe. Vitabu vya mimea vinasema Lutamba, lakini kata ya leo inaandikwa Rutamba. Kwa mtu anayejua lugha za Kibantu l na r kubadilishana ni jambo la asubuhi na jioni. Kwa kompyuta ni mahali pawili. Chukueni Muera kwenye lebo za Wajerumani: ni Mwera, na uwanda unaotajwa hivyo ndio huu tunaouita Rondo. Mtu asiyejua atadhani ni milima miwili na mmea umepatikana kote kuwili. Kilwa ziko tatu, Kisiwani, Kivinje na Masoko, na mkusanyaji wa zamani anaandika Kilwa tu. Mnazi Mmoja iko Lindi, iko Dar es Salaam, iko Unguja. Halafu kuna jambo ambalo kompyuta haitaligundua kamwe: vijiji vyetu vilihama. Wakati wa operesheni ya vijiji, 1973 hadi 1976, watu walihamishwa kwa mamilioni, na mara nyingi jina la mahali lilihama na watu. Lebo ya 1935 inataja kijiji. Ramani ya leo inakionyesha kijiji hicho. Na vijiji hivyo viwili, vyenye jina moja, havikai mahali pamoja. Nukta inawekwa barabarani, na msitu wenyewe uko nyuma ya vilima.

Kwa spishi yenye maelfu ya miti, kosa la kilomita kumi si kitu. Kwa spishi yenye miti isiyofika hamsini, kilomita kumi ni tofauti ya kuikuta na kuikosa, na pengine ni tofauti ya hati ya ardhi kupita au kuzuiwa. Msitu ukiwa katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu wanakijiji kuutenga kuwa hifadhi yao na kuusimamia wenyewe, na Kilwa kuna vijiji vilivyofanya hivyo vikafaidika na mpingo wao. Kijiji kinachoweza kusema "mti huu haupo mahali pengine duniani isipokuwa kwetu, na karatasi hii hapa" kina neno la kusema mezani mbele ya mwekezaji na mbele ya wilaya.

Sasa Sacleux. Katika kamusi yake, jina la mmea mara nyingi hufuatwa na jina la kisayansi, kwa sababu mmea wenyewe aliukata, akaukausha, akaupeleka kwa wanaojua. Greenway wa Amani naye alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937, naye alikuwa mtu wa hebaria. Nyuma ya neno kulikuwa na karatasi. Linganisheni na kamusi zetu za baadaye, ambamo tunafungua neno kwa hamu tunakuta: "aina ya mti". Aina gani? Wa bara au wa pwani? Una miiba au hauna? Tumewacheka wageni kwa makosa yao mengi, na mengine yanachekesha kweli, lakini katika jambo hili walitutangulia, na hatujawafikia.

Napendekeza basi mambo matatu, yote yanawezekana na mtu mwenye kompyuta na jioni zake.

Kwanza, tusome lebo. Picha ziko mtandaoni, na wapo kati yetu wanaosoma Kijerumani cha mwandiko wa zamani, Kifaransa, na majina ya Kimwera, Kimakonde na Kingindo yaliyoandikwa kwa sikio la kigeni. Hebaria nyingi hupokea masahihisho ya rekodi zao. Anayetambua kwamba Muera ni Rondo ameisaidia elimu kuliko mwenye makala tatu.

Pili, anayekusanya maneno kijijini akusanye na tawi. Jina la mmea bila sampuli ni uvumi. Tawi lililobanwa ndani ya gazeti, lenye tarehe na mahali, likapelekwa DSM au EA kwa utaratibu na vibali vyake, linalifanya neno liwe na ushahidi. Na mzee aliyelitaja aandikwe jina lake kwenye lebo, akipenda, ili tusirudie ya wapagazi wa Schlieben.

Tatu, tulioko huku tutumie ukaribu wetu. Mimi kutoka Ilford hadi Kew ni treni mbili: Elizabeth line hadi Stratford, kisha Overground hadi kituo cha Kew Gardens, chini ya saa mbili mlango kwa mlango, na watafiti hupokewa kwa miadi. Mwanafunzi wa Mtwara anayeishi kilomita mia moja hivi kutoka mahali tawi lilipokatwa anahitaji viza, tiketi ya ndege na barua tano kufika mbele ya karatasi hiyo hiyo. Picha za mtandaoni zimepunguza pengo hilo, hazijalimaliza. Kuna sehemu za karatasi ambazo picha haionyeshi: upande wa nyuma, maandishi yaliyofifia, bahasha ya mbegu iliyobandikwa pembeni. Mwanafunzi akiomba mtu amwangalizie, tusione uzito.

Mtagundua kwamba sikutaja mahali hasa Kilwa ambapo miti ile ilipatikana 2011. Nimeacha kwa makusudi. Miti isiyofika hamsini haihitaji wageni wengi. Wanaohitaji kujua ni vijiji vilivyo karibu, wilaya na watu wa misitu, na hao hawatafuti habari zao kutoka kwangu.

Wakati ujao mkisoma kwamba mmea fulani "haujulikani kutoka" mahali fulani, isomeni sentensi hiyo kama ilivyo: hakuna mtu aliyeleta karatasi. Halafu muulize kama kulikuwa na barabara.

Nakaribisha michango na masahihisho, hasa kutoka kwa watu wa Lindi na Kilwa kuhusu majina ya mahali.

Wasalaam,
Ilford